Nyoka wa Nambike na Kipupwe cha Vungwe

Paukwa!

—Pakawa!

Mmejibu kama watu ambao hawajala. Paukwa!

—Pakawa!

Naam. Kuni?

—Zimekolea!

Nyayo?

—Zimeelekea motoni!

Na masikio?

—Tumekupa wewe!

Basi sogeeni, na huyo aliyejifunika gubigubi afunue sikio moja.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo mbuzi akikuudhi ulimgombeza naye akakujibu, palikuwa na kijiji juu kabisa milimani kilichoitwa Vungwe. Watu wa Vungwe walilima maharage, wakalima ulezi, wakalima mahindi mafupi yasiyoogopa upepo. Mbegu zao zote, za kijiji kizima, ziliwekwa katika ghala moja lililosimama juu ya nguzo. Ghala hilo lilitunzwa na mwanamke mmoja, mjane, jina lake Bi Nakijwa.

Bi Nakijwa alikuwa mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Akisema "nyamazeni", hata chungu kilichokuwa kikichemka kilifikiri kwanza. Mavyaa wake alilitunza ghala lile, na mavyaa wa mavyaa wake alilitunza, na haikuwahi kusikika kwamba msimu wa kupanda umefika Vungwe na mbegu hakuna. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Senkondo, kijana mpole, fundi wa kuezeka nyumba. Mwaka mmoja Senkondo alishuka bondeni kutafuta nyasi nzuri za kuezekea. Akarudi na nyasi, na mke.

Mke huyo ndiye Nambike.

Nambike alizaliwa kule bondeni, nchi ya joto, ambako watu hulala milango wazi na jua huchomoza likiwa tayari kali. Siku ya kuondoka kwao, baba yake alimpa kikapu chenye kifuniko, akamwambia, "Mwanangu, nasikia unakwenda kuolewa penye ghala. Chukua hawa. Watakusaidia, nawe uwatunze." Nambike akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akapanda nacho milima yote akikipakata kama mtoto.

Alipofika Vungwe, wanawake walimpokea kwa vigelegele. Bi Nakijwa akamkalisha kwenye mkeka, akakitazama kile kikapu kwa hamu.

"Mkamwana, umeniletea nini kutoka kwenu?"

"Nimekuletea walinzi wa ghala, mama."

Bi Nakijwa akafunua. Ndani walikuwa wamejikunja nyoka wawili. Mmoja alikuwa na madoadoa mekundu na meusi yaliyopangika vizuri kama shanga kwenye uzi, naye aliitwa Ushanga. Wa pili alikuwa mnene zaidi, wa rangi ya dhahabu iliyochakaa, naye aliitwa Mkufu. Hawakuwa na sumu hata ya kumtia inzi kizunguzungu.

"Hujambo, mama," akasema Ushanga.

"Shikamoo," akasema Mkufu, aliyekuwa na adabu zaidi.

Bi Nakijwa hakupiga kelele. Alikifunika kikapu polepole. Akainuka polepole. Akatoka nje polepole, akazunguka nyumba, akafika nyuma ya zizi la mbuzi, na hapo ndipo alipopiga kelele. Mbuzi wote wakasimama.

Mnacheka? Nambike hakucheka. Alikaa pale mkekani mikono ikiwa mapajani, mgeni katika nyumba ngeni, akisikia mavyaa wake akilia nyuma ya zizi, naye hajamaliza hata maji aliyopewa.

Senkondo alimbembeleza mama yake mpaka wakakubaliana: nyoka wakae ghalani, wasikanyage nyumbani. Wakakaa ghalani. Siku hizo jua lilikuwa bado linawaka, na Ushanga na Mkufu walifanya kazi kweli kweli. Chini ya ghala lile kulikuwa na ukoo mzima wa panya, na mkubwa wao aliitwa Sharubu, panya buku mwenye masharubu marefu kama fagio. Kabla ya mavuno kuisha, Sharubu alikusanya jamaa zake, akahamia majabalini na kilio.

Bi Nakijwa aliliona ghala lake limetulia. Aliona maharage hayana alama ya jino. Lakini majirani walipouliza, alisema, "Panya wamehama kwa hiari yao."

Kisha kikaja kipupwe.

Jamani, baridi ya Vungwe! Asubuhi sakitu imelala juu ya majani kama unga uliomwagika. Maji mtungini yamefanya ngozi ya barafu. Kuku hawatoki bandani mpaka waitwe mmoja mmoja. Na mwaka huo, wazee walisema, kipupwe kilikuwa kikali kuliko vyote walivyokumbuka.

Asubuhi moja Nambike alikwenda ghalani, akamkuta Ushanga amelala kizingitini amenyooka kama fimbo. Akamshika. Alikuwa baridi na mgumu.

"Ushanga! Ushanga wangu!"

Akampeleka juani. Jua lenyewe lilikuwa dhaifu, lakini baada ya muda mrefu Ushanga alifungua kinywa kidogo.

"Nambike," akasema kwa sauti ya mbali, "usiku ninajiambia, Ushanga, nenda. Mwili unaniambia, nenda wewe, mimi nabaki."

"Na Mkufu yuko wapi?"

"Ndani. Amejikunja kwenye kona, amekwama hivyo hivyo."

Nambike alikaa nao juani kutwa nzima, mmoja bega hili, mwingine bega lile, akiwaimbia wimbo wa kwao:

*Ushanga wangu, kunja, kunjua,*
*Mkufu wangu, kunja, kunjua,*
*kipupwe ni mgeni, kitaaga kiende.*

Lakini habari zilikuwa zimeshafika majabalini. Usiku huo Sharubu mwenyewe alikuja ghalani. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mitatu nje.

"Ushanga, u macho?"

Kimya.

"Mkufu, u macho?"

Kimya.

Akasogea, akamgusa Ushanga kwa ncha ya mkia. Akaurudisha haraka. "Baridi kama jiwe la mtoni!" akapiga kelele. "Njooni, jamaa zangu, karamu ni yetu!"

Asubuhi Bi Nakijwa alikuta kihenge kimoja cha maharage kimetobolewa, na maganda yametapakaa sakafuni. Alifagia maganda yale, akayakusanya kwenye kiganja, akamwonyesha Nambike.

"Mama," akasema Nambike, "wamegandishwa na baridi. Nipe ruhusa niwalaze jikoni, kwenye moto, wakipata nguvu niwarudishe ghalani."

"Jikoni kwangu? Nyoka?"

"Kwa ajili ya mbegu, mama."

Kwa ajili ya mbegu Bi Nakijwa alikubali. Yeye mwenyewe akapanda juu ya kinu, akalala amekaa.

Nambike akawasha moto mkubwa, akawalaza Ushanga na Mkufu kando ya mafiga. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mkufu akanyooka, akasogea. Akasogea tena. Akasogea tena, maana yeye akipata raha huwa hajui kikomo, mpaka mkia ukaingia kwenye kaa la moto.

"Yeleuwi!" Mkufu akaruka, akaangukia kwenye kinu. Bi Nakijwa naye akaruka, akaangukia kwenye pipa la maji.

Usiku huo ukaishia hapo. Watu wakalala wamechoka, moto ukafifia, ukazimika, na kulipopambazuka nyoka wote wawili walikuwa wamekauka kama kuni, mmoja akiwa na mkia uliobabuka. Nako ghalani? Sharubu alikuwa amekuja. Akauliza, "Ushanga, u macho?" Kimya. "Mkufu, u macho?" Kimya. Hakukuwa na hata wa kugusa. "Njooni, jamaa zangu, karamu ni yetu!" Kihenge cha pili kikatobolewa.

"Nilisema mimi," akasema Bi Nakijwa, akikamua maji kwenye nguo zake.

Nambike akampaka Mkufu mafuta ya mnyonyo mkiani, akafikiri. Akamwendea mumewe.

"Baba nanihii, nipe blanketi lako."

Senkondo alikuwa na blanketi moja tu zito, la sufu, lililofumwa na mjomba wake. Alilitazama kwa huzuni. Alimtazama mkewe. Akampa. Usiku ule Nambike aliwavingirisha nyoka ndani ya blanketi lile mara nyingi, ukaonekana mzigo kama wa msafiri, akaupeleka ghalani. Senkondo yeye alijifunika gunia, na juu ya gunia akaweka ungo, na juu ya ungo akaweka mlango wa zamani wa banda la kuku. Meno yake yaligongana mpaka jogoo akadhani kumekucha.

Asubuhi Nambike akafungua blanketi. Ushanga baridi. Mkufu baridi. Blanketi lenyewe baridi. Na kihenge cha tatu, mahindi ya mbegu, kimebaki nusu.

Alipowapasha juani, Ushanga akasema, "Blanketi halina moto wake, Nambike. Hushika joto la aliyelala ndani. Wewe unalo joto lako, linatoka huko ndani yako wala hulifikirii. Sisi hatuna. Ulitufunga vizuri sana pamoja na baridi yetu."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Jana ulimi ulikuwa umeganda."

Nambike akaketi chini pale pale kwenye sakitu, akalia. Alililia nchi yake ya joto, akawalilia nyoka wake, akajililia mwenyewe. Bi Nakijwa akatoka ghalani akiwa amebeba kikapu kile chenye kifuniko. Akakiweka mbele yake.

"Nimekuvumilia," akasema, na safari hii ile sauti nene ilikuwa nyembamba. "Lakini mimi nimekabidhiwa mbegu za watu. Kipupwe kikiisha watakuja hapa na vikapu vyao. Nitawaambia nini? Leo ni leo. Ghala likiliwa tena usiku wa leo, kesho asubuhi utawatia hawa humu, urudi nao kwenu."

"Mama..."

"Nimemaliza."

Na Senkondo? Asubuhi ile ile alikuwa ameitwa mbio kwa dada yake, ng'ambo ya kilima, ambako upepo ulikuwa umeng'oa paa na watoto wamebaki nje. Hakuwepo wa kumtetea Nambike.

Basi Nambike akafuta machozi kwa upindo wa nguo, akaenda kuwafungulia mbuzi. Alipofika zizini akaona jambo. Kila mahali kulikuwa na sakitu: juu ya paa, juu ya uzio, juu ya mawe. Lakini kwenye lundo la samadi kando ya zizi hakukuwa na sakitu hata kidogo. Lundo lilikuwa linatoa mvuke, pole pole, kama chungu cha uji. Na juu yake alikuwa amelala beberu mzee, miguu imenyooshwa, anatafuna taratibu.

"Wewe beberu, husikii baridi?"

"Baridi ni nini?" akauliza beberu.

"Hiyo inayoua watu!"

"Ah, hiyo. Nimeisikia ikitajwa. Huku kwangu kunachemka, mama. Chimbua kidogo utie mkono."

Nambike akachimbua, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Palikuwa na joto! Joto la kuamsha mtu, lisilounguza, lisilozimika, linalojipika lenyewe chini kwa chini bila kuni na bila mtu wa kulipuliza. Akacheka peke yake. Beberu akamtazama kwa wasiwasi.

"Beberu, bwana wangu, naomba nizike chungu hapa."

"Chungu cha nini?"

"Cha kulalia nyoka."

Beberu akasimama. "Nyoka chini ya kitanda changu? Nimekuwa beberu wa zizi hili miaka yote, leo nilalie nyoka?"

"Nitakukuna chini ya ndevu kila asubuhi."

"Siogopi nyoka, usinielewe vibaya. Ni heshima tu."

"Na chini ya pembe."

Beberu akafikiri. "Pembe zote mbili?"

"Zote mbili."

"Zika chungu chako, mama."

Nambike akatafuta chungu kikubwa cha pombe kilichopasuka mdomo, akakizika katikati ya lundo, akatandika majani makavu ndani, akaweka kifuniko cha ukili kinachopitisha hewa. Akawaingiza Ushanga na Mkufu. Jua halijafika utosini, chungu kikaanza kuongea.

"Sss! Nambike! Nilipitiwa na usingizi, nikaota ndoto!" akasema Ushanga. "Nyoka akiganda haoti kitu. Nimeota panya!"

"Mimi ninaona njaa," akasema Mkufu, na kwa Mkufu hiyo ilikuwa dalili ya afya njema.

Lakini jioni, jua lilipozama na upepo ukaanza kushuka kutoka kileleni, tatizo likajionyesha. Chungu kiko kwenye samadi, na ghala liko ng'ambo ya uwanja. Ushanga akatoka chunguni akiwa mwepesi kama mjeledi, akaanza kuvuka. Akatambaa kidogo. Akapunguza mwendo. Akafika katikati ya uwanja, akasimama.

"Nambike," akaita, "mwili umeanza tena maneno yake."

Nambike akamwokota mbio. Hakufikiri. Akamtia kifuani, ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, akajifunga kanga juu yake. Ushanga akatulia pale, akachukua joto lake. Nambike alihisi baridi ya nyoka ikimwingia mbavuni, na kidogo kidogo ikayeyuka.

"Hapa ni pazuri kuliko kwa beberu," akasema Ushanga. "Na pananukia vizuri pia."

Nambike akapanda ngazi, akaingia naye ghalani, akaketi kati ya vihenge. Ndipo alipomkumbuka Mkufu. Angerudi kumchukua? Akimwacha Ushanga peke yake ataganda; akienda naye, ghala litabaki bila mlinzi. Akikaa, Ushanga mmoja hawezi jeshi la panya. Na kule nje, chini ya nyota, tayari zilisikika kucha ndogo ndogo juu ya mawe. Sharubu safari hii alikuwa ameita koo zote za majabalini. Walikuwa wanashuka wakiimba.

Huko nyumbani Bi Nakijwa naye alizisikia. Alikuwa ameketi motoni peke yake, kikapu chenye kifuniko mbele yake, tayari kwa kesho. Akasikia panya wakiimba habari za maharage yake. Akasimama. Akaketi. Akasimama tena, akavuta blanketi lake, akatoka.

Alivuka mpaka kwenye lundo. Beberu alikuwa macho.

"Yuko wapi huyo mnene?" akauliza Bi Nakijwa.

"Hapa chini. Lakini mimi sikukutuma."

Bi Nakijwa akafunua chungu, akafumba macho, akaingiza mikono.

"Mkufu, baba," akasema, "nakuomba. Usining'ate, usinibane, usinisalimie ghafla."

"Sawa, mama," akasema Mkufu taratibu kadiri alivyoweza.

Akamtoa. Alikuwa mzito, laini, na wa moto kama mkate uliotoka kuokwa. Akamvingirisha shingoni, akajifunika blanketi juu, akakimbia kuelekea ghalani, na mdomoni alikuwa anasema maneno ya kujipa moyo, mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Katikati ya uwanja akafumbua macho.

"Kumbe ana joto!" akasema kwa mshangao. "Ana joto kumshinda marehemu mume wangu!"

Nambike alipoona mlango unafunguliwa na mavyaa wake anaingia na Mkufu shingoni, alimkodolea macho.

"Usinitazame hivyo," akasema Bi Nakijwa. "Sogea. Blanketi ni moja."

Wakaketi mgongo kwa mgongo katikati ya vihenge, blanketi limewazunguka wote wawili. Wakawaweka nyoka kizingitini, wamenyooka, kimya, kama fimbo mbili zilizosahauliwa.

Mlango ukasukumwa. Masharubu yakaingia kwanza.

"Ushanga, u macho?"

Kimya.

"Mkufu, u macho?"

Kimya.

Nyuma yake mamia ya macho madogo yanang'aa. Sharubu akanyoosha mkia wake, akamgusa Ushanga.

"Baridi kama..." akaanza. Akanyamaza. Akagusa tena. "Jamaa zangu, mbona..." Akagusa mara ya tatu. "Mbona huyu ni wa moto?"

"Ni macho," akasema Ushanga.

"Shikamoo," akasema Mkufu.

Ai! Mbio alizotoka nazo Sharubu hazijawahi kuonekana tena katika nchi ile. Alipita juu ya vichwa vya jamaa zake. Waliokuwa nyuma wakasukuma mbele, waliokuwa mbele wakakimbilia nyuma, na katikati ya vurumai ile Ushanga na Mkufu walikuwa wanakata kulia na kushoto. Wengine walijificha ndani ya vihenge. Hao walifuatwa mmoja mmoja.

Kila mara mwili ulipoanza kuwa mzito, Ushanga alirudi chini ya blanketi, akajikunja kwa Nambike, akapata moto, akatoka tena. Mkufu naye alirudi kwa Bi Nakijwa. Mara ya kwanza Bi Nakijwa alishtuka. Mara ya pili alijisogeza kumpisha. Mara ya tatu, Mkufu alipochelewa, ndiye aliyeinua upande wa blanketi, akaita gizani, "Mkufu! Njoo upate moto, usijikaze!"

Na katikati ya safari hizo, wale wanawake wawili wakaongea. Nambike alisimulia kwao bondeni. Bi Nakijwa alisimulia jinsi alivyoletwa Vungwe mwenyewe akiwa msichana, kutoka upande ule mwingine wa mlima, na jinsi alivyolia kipupwe chake cha kwanza chote, akijificha katika ghala hili hili ili mavyaa wake asimwone.

"Alikuwa mkali?" akauliza Nambike.

"Mno. Nikaapa kwamba mimi sitakuwa hivyo." Akamvutia blanketi. "Sogea karibu, mwanangu. Upande huo unaingiza upepo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Nambike akasogea.

Asubuhi Senkondo alirudi kutoka kwa dada yake, amechoka, nyasi zimemjaa nyweleni. Hakuona moshi jikoni. Akapanda ghalani, akachungulia. Akamwona mkewe amelala, na mama yake amelala, na shingoni mwa mama yake nyoka. Senkondo akapiga ukelele mkubwa.

Bi Nakijwa akafungua jicho moja. "Nyamaza," akasema. "Utamwamsha Mkufu. Amefanya kazi usiku kucha."

Tangu siku ile mambo yakapangwa. Mchana nyoka walilala kwenye chungu, chini ya beberu aliyekunwa pembe zote mbili. Usiku wanawake waliwabeba, wakakesha nao kwa zamu, na panya wakabaki majabalini. Kipupwe kikakaa mpaka kikachoka, kikaondoka. Mvua zikanyesha. Watu wa Vungwe wakaja na vikapu vyao, na Bi Nakijwa akawapimia mbegu, kila mtu akapata. Zilizoliwa alizifidia kwa kihenge chake mwenyewe, na wala hakumwambia mtu.

Lakini bado. Siku moja, wakati maharage yanachanua, Nambike alichimbua lundo ili atoe samadi ya shambani, akakuta ndani ya majani mayai meupe, marefu, laini, yamepangwa kama maembe sokoni. Ushanga alikuwa amejikunja pembeni yake, amejawa na maringo.

"Mlidhani nalala tu humo?" akasema.

Mayai yakaanguliwa. Wakatoka nyoka wadogo wembamba kama vidole, wengine wa madoadoa, wengine wa dhahabu, wote wanaongea kwa pamoja. Habari zikazagaa. Majirani, wale waliokuwa wakipita mbali na nyumba ile, wakaanza kuja na ndizi, na asali, na salamu ndefu ndefu.

"Bi Nakijwa, dada yangu, nasi tuna panya..."

Bi Nakijwa akaweka kigoda mlangoni, akaketi kama mzazi anayeposwa binti.

"Una mbuzi wangapi?" aliuliza. "Lundo lako lina kina gani? Linatoa mvuke asubuhi? Nitakuja kutia mkono mwenyewe. Na usiku wa baridi, nani atamtia kifuani? Wewe? Hebu mtie sasa hivi nione."

Na mtu mzima na ndevu zake anafumba macho, anamtia nyoka kifuani, anasubiri. Uso unabadilika. Kisha anatabasamu bila kutaka.

"Haya," anasema Bi Nakijwa, "mchukue. Ukimwacha agande, nitasikia."

Wakaondoka hivyo, mmoja nyumba hii, mwingine nyumba ile, mpaka akabaki mmoja, mdogo kuliko wote, aliyechelewa kuanguliwa na aliyekuwa na doa moja tu kichwani. Mwanamke mmoja kutoka kijiji cha mbali akaja kumwomba. Alikuwa na mbuzi wengi, lundo refu, na moyo mzuri. Bi Nakijwa akamsikiliza mpaka mwisho. Akamtazama yule mdogo, aliyekuwa amejifunga kwenye kidole chake kama pete.

"Pole, mama," akasema. "Huyu haolewi. Huyu ni wangu."

Na hapo ndipo hadithi yangu imeishia. Sasa nani ataongeza kuni? Kumekuwa baridi.